Katuni Hii Inamfaa Mtoto wa Umri Gani?

Hotuba kwa wazazi na walezi, iliyotolewa Mji wa Kale, Mombasa, baada ya sala ya alasiri

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na kwa ndugu zetu wasiokuwa Waislamu mliotujia leo, hamjambo nyote, karibuni sana.

Mama zangu, baba zangu, walimu wenzangu. Nimeitwa nijibu swali moja, nami nitalijibu mapema ili anayewahi feri ya Likoni asiondoke mikono mitupu. Swali ni kuhusu ile katuni, Avatar: The Last Airbender, ambayo watoto wetu wameishikilia siku hizi. Inawafaa au haiwafai? Jibu langu ni kwamba mtoto wa miaka minane na kuendelea inamfaa, kwa sharti kwamba mkubwa wa nyumba anakaa naye, hasa katika zile sehemu nitakazozitaja. Wa miaka mitano asiachiwe. Wa miaka sita na saba, mzazi wake ndiye anayemjua. Kuna mtoto halali mpaka taa iachwe ikiwaka, na kuna mwingine hatishiki na lolote.

Lakini jibu tupu halitawafaa kitu mwezi ujao, watoto watakapohamia katuni nyingine. Kwa hiyo nataka niwaeleze nimefikaje hapo.

Kwanza tujue tunazungumzia kitu gani, maana nimewasikia wazazi wakibishana barazani kumbe kila mmoja ana lake kichwani. Kuna filamu ya James Cameron ya mwaka 2009, ya wale viumbe wa rangi ya buluu. Hiyo haihusiani hata kidogo. Kuna katuni yenyewe, iliyoanza kuonyeshwa Marekani Februari 2005 ikamalizika Julai 2008: misimu mitatu, sehemu 61, kila sehemu kama dakika 23. Kuna filamu ya waigizaji ya mwaka 2010. Kuna katuni ya mwendelezo, The Legend of Korra, ya 2012 hadi 2014, iliyotungwa kwa kuwalenga vijana wakubwa zaidi. Kisha kuna tamthilia ya waigizaji iliyotolewa na Netflix Februari 2024. Mtoto akitafuta jina hilo kwenye simu yako zinamjia kwa pamoja, na picha zinafanana.

Ila hazifanani ndani. Katuni ya 2005 ilipewa Marekani alama ya TV-Y7-FV, yaani miaka saba kwenda juu, pamoja na tahadhari kwamba ndani yake kuna mapigano ya kifantasia. Ile tamthilia ya 2024 imepewa TV-14, yaani haiwafai walio chini ya miaka kumi na minne bila mzazi. Hadithi ni ileile, lakini katuni inakuachia ufahamu kwamba watu wameuawa, na tamthilia inakuonyesha wakiungua. Ukimwambia mtoto wa miaka minane "haya, tazama Avatar yako" ukaenda jikoni, hujui umemruhusu ipi.

Na wengi mnaniuliza: hiyo si ilishapigwa marufuku? Mwaka 2017 bodi yetu ya kuainisha filamu, KFCB, ilitangaza kupiga marufuku katuni sita kwa madai kwamba zinaeneza ushoga. The Legend of Korra ilikuwa mojawapo. Hii ya kwanza haikuwamo. Nawaomba tuwe waangalifu hapa, kwa sababu mtoto akigundua kwamba mzazi wake amekataza kitu bila kujua anakataza nini, hata siku atakapokataza kwa haki hatasikilizwa.

Basi hadithi yenyewe. Dunia ina mataifa manne: la Maji, la Ardhi, la Moto na la Hewa. Katika kila taifa kuna watu wanaozaliwa na kipaji cha kukiamuru kitu cha taifa lao; wa maji huyasukuma maji, wa moto hutoa moto mikononi. Mtu mmoja tu, Avatar, anaweza kuviamuru vyote vinne. Taifa la Moto limeanzisha vita kutaka kuitawala dunia nzima. Avatar wa zamu hiyo ni mvulana wa miaka kumi na miwili, Aang, aliyeganda katika barafu miaka mia moja. Anapozinduka, anakuta watu wake wa Hewa wameangamizwa wote. Ndugu wawili, Katara na Sokka, ndio wanaomwokota, na safari inaanzia hapo.

Mmeshaona kwamba huu si mchezo wa paka na panya. Ni hadithi ya vita, ukimbizi na uyatima, ingawa imejaa vichekesho na kuna mnyama mkubwa wa manyoya anayeruka. Ndiyo maana nasema neno "katuni" lisitutulize. Wengi wetu tukisikia katuni tunapumua: ah, ni ya watoto. Wengine tukisikia moto unatoka mkononi tunasema: huo ni uchawi, zima. Wote wawili tumehukumu kabla ya kutazama.

Mimi nimeitazama. Nataka niwachukue ndani ya sehemu mbili tu, tuzichungue taratibu.

Sehemu ya tatu ya msimu wa kwanza. Aang anarudi nyumbani kwao, hekalu la mlimani, na moyoni bado ana matumaini kwamba atamkuta mwalimu wake, mzee Gyatso. Anakimbia huku na huku akiwaonyesha wenzake: hapa tulicheza, hapa tulikula. Kisha anaingia mahali na kuikuta mifupa ya Gyatso, bado ina kidani chake shingoni, na imezungukwa na mabaki ya askari wa Moto. Mtoto anapiga magoti. Hasira inampanda mpaka upepo unavuma na kutaka kuwatupa wenzake. Katara anamsogelea katikati ya dhoruba ile na kumwambia kwamba yeye na Sokka sasa ndio jamaa zake. Upepo unatulia.

Je, mtoto wetu aone mifupa ya mtu? Mimi nasema wa miaka minane anaweza, kwa sababu ya kile kinachofuata. Hadithi haipiti juu ya kifo kama kwamba si kitu. Inasimama na kumwacha mwenye kufiwa alie, kisha inaonyesha jinsi watu wanavyomshika mfiwa. Watoto wetu wanaijua matanga. Wameona jamaa wakija, wakikaa na wafiwa. Wanaelewa.

Ya pili ni sehemu ya 12 ya msimu huohuo. Tunaelezwa kovu la Zuko, mwana wa mfalme wa Moto, limetoka wapi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliingia katika baraza la vita, akamsikia jemadari akipanga kuwatoa askari wapya kama chambo wafe, akasema hapana, hawa ni watu wetu. Babake akaona amevunjiwa heshima. Akamlazimisha wapigane hadharani. Mvulana alipojua kwamba anayemkabili ni babake mzazi, alipiga magoti na kuomba radhi huku analia. Babake akamchoma uso, kisha akamfukuza nchini.

Watengenezaji hawakuuonyesha uso ukiungua. Wanakuonyesha nyuso za watazamaji: baba mkubwa wa Zuko anageuza kichwa, wengine wanatabasamu, na unausikia ukelele. Ni uangalifu mzuri. Lakini mimi nilikaa na binti yangu wa miaka tisa, na mazimwi yote ya katuni hii hayakumtisha hata siku moja. Hapa aliichukua rimoti akasimamisha. Akauliza: "Mama, kwani babake hampendi?" Tukazungumza karibu nusu saa runinga ikiwa imeganda. Tukazungumza kwamba kuna wazazi wanaodhulumu, kwamba si kosa la mtoto, kwamba mtoto akidhulumiwa nyumbani ana haki ya kumwambia shangazi, mwalimu, bibi. Sijui ningeyaanzisha vipi mazungumzo hayo siku nyingine yoyote.

Sasa fikirini mtoto wa miaka tisa aone hayo peke yake, chini ya shuka, kwenye simu ya kakake. Na fikirini kama huyo mtoto ni yule ambaye kwao kweli kuna kipigo.

Wataalamu wametusaidia hapa. Watafiti wawili wa Marekani, Joanne Cantor na Glenn Sparks, walichunguza watoto na ile tamthilia ya zamani ya The Incredible Hulk, ambapo mtu mwema anageuka jitu la kijani. Wadogo waliogopa sana pale anapogeuka, ingawa jitu lile ndilo linalookoa watu. Wakubwa hawakuogopa hapo, kwa sababu walishajua linakuja kuokoa. Mtoto mdogo huogopa sura anayoiona, mkubwa huogopa jambo analoliwaza. Ndiyo sababu mwisho wa msimu wa kwanza, kuna kiumbe anayeiba nyuso za watu na kuzibadilisha kama vinyago, huyo atamkosesha usingizi wa miaka mitano wiki nzima, na wa miaka kumi atamsimulia shuleni kwa furaha.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi wa hapa zaidi ya Wamarekani. Katuni hii inazungumza Kiingereza, na inazungumza haraka. Majuto, msamaha, nasaha za yule baba mkubwa wa Zuko, mpenda chai, yote yamo katika maneno. Mtoto wa darasa la kwanza ambaye Kiingereza chake bado kinakua anabaki na picha: moto, mateke, nyuso zenye hasira. Anaipata vita, anaikosa hekima iliyofanya sisi tuseme katuni hii ni nzuri. Kwa hiyo tunaposoma kwamba huko nje imeonekana inafaa kuanzia miaka saba, tukumbuke ni saba ya mtoto anayefuata kila neno. Kwetu, ama uongeze mwaka mmoja au miwili, ama ukae umtafsirie. Mimi hutafsiri. Inachosha, lakini hapo ndipo nami ninapoisikia vizuri.

Nije kwenye imani, maana najua wengi mlikuja kwa ajili ya hili.

Wale watu hawasomi uganga, hawaiti majini, hawaandiki hirizi. Kipaji chao ni cha kuzaliwa, na miondoko yao imetokana na michezo ya kujihami ya Kichina. Wa Maji wanasogea kwa Tai Chi, wa Moto kwa Shaolin ya kaskazini. Kwa hilo mimi sina wasiwasi. Ninachokiangalia ni kingine: Avatar akifa huzaliwa tena katika taifa jingine, na Aang huzungumza na waliomtangulia kuwaomba ushauri. Hiyo ni itikadi ya dini za Asia, si yetu sisi Waislamu, na ndugu zetu Wakristo nao si yao. Mtoto aambiwe kabla hajatazama, asiambiwe baada. Aambiwe kwa upole: hii ni hadithi, watu wa huko wanaamini hivyo, sisi tunaamini mtu hufa mara moja, kisha hufufuliwa na kuhukumiwa. Wa miaka tisa ameshasoma nguzo za imani madrasa, ana mahali pa kuliweka jambo hilo. Wa miaka mitano hana. Na karibu na mwisho wa msimu wa pili, sehemu ya 19, kuna mzee anayemfundisha Aang kufungua chakra zake, yaani vituo vya nguvu mwilini katika itikadi hizo za Asia, hatua kwa hatua, kama darasa. Hapo mimi sitaki mtoto awe peke yake.

Mzazi atakayesema kwamba kwa sababu hii moja tu katuni haiingii kwake, sina ugomvi naye. Ametazama, amepima, ameamua. Ninayeshindana naye ni yule asiyetazama.

Na tusisahau sisi tumelelewa na nini. Zimwi lililomeza kijiji kizima hadi mtoto mmoja akabaki. Mama wa kambo aliyemfukia binti. Majini ya baharini. Hizo hadithi zina damu kuliko katuni yoyote. Hazikutuharibu kwa sababu msimulizi alikuwa bibi, na bibi alikuwa anatuona. Akimwona mdogo amejikunja nyuma ya khanga, anaishusha sauti, anamfanya zimwi ajikwae tucheke, au anasema haya, kesho tutaendelea. Runinga haimwoni mtoto. Simu haimwoni. Kiti cha bibi kimebaki kitupu, na mimi naomba mmoja wetu akikalie.

Kuhusu kuiga, nitasema kwa ufupi. Mwaka 1963 Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha watoto wa chekechea mtu mzima akilipiga sanamu la mpira. Wengine waliona ana kwa ana, wengine kwa filamu, wengine kwa mfano wa katuni, mtu amevaa kama paka. Wote walipiga zaidi kuliko wasioona. Katuni nayo iliwafundisha. Kwa hiyo mateke mnayoyaona uani kwenu yana chanzo. Ila katuni hii ina kitu ambacho nyingi hazina: mtu akiumizwa, anaumia kweli. Sehemu ya 16 ya msimu wa kwanza, Aang anafundishwa moto, anaambiwa awe na subira, anajivuna, na katika mchezo anaichoma mikono ya Katara. Katara analia, Aang anaogopa nafsi yake, na anaapa hatagusa moto tena. Hilo linamwingia mtoto anayerusha mateke. Katika katuni nyingine jiwe linamwangukia mtu, anabanwa kama chapati, anainuka anaendelea kukimbia. Hizo tunaziacha ziende asubuhi kutwa kwa kuwa zinachekesha.

Matusi hakuna. Mavazi kwa jumla ni ya heshima, isipokuwa msimu wa tatu kuna sehemu ya ufukweni ambapo vijana wamevaa za kuogelea. Mapenzi ni ya mabusu machache. Kila nyumba itapima hayo.

Sehemu mbili za msimu wa tatu ningewazuia wa chini ya miaka kumi. Ya nane, kuna bikizee anayeziamuru damu za watu na kuwaendesha miili yao kwa nguvu usiku msituni. Hiyo inatisha hata mtu mzima. Na ya 16, Katara anamsaka aliyemuua mamake. Anampata. Anaweza kumuua, na hamuui, lakini pia anasema wazi kwamba hajamsamehe. Ni sehemu bora kuliko zote kwa kijana wa miaka kumi na mbili, kwa mdogo ni mzigo.

Sasa yale ya mkononi. Runinga za kawaida zinabanwa na kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano: kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku vipindi viwe vinavyofaa familia. KFCB nayo ina alama zake, GE kwa wote, PG kwa mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18. Zitazameni. Lakini simu yenye bando haina saa nne usiku. Kwenye Netflix fungua ukurasa wa mtoto, chagua kiwango cha umri, weka namba ya siri kwenye ukurasa wako. Hapo ile ya 2024 haitamfikia kirahisi. Kama anatazama vipande vya YouTube, jueni kwamba vipande vile huwa ni vya mapigano, vimekatwa, bila majuto yaliyofuata. Hicho ndicho kilicho kibaya zaidi kuliko katuni nzima.

Kuna mama ameniuliza pale mlangoni: mimi nauza mahamri, naamka saa tisa usiku, jioni sina nguvu, nitakaa sehemu 61 vipi? Mama yangu, hukai zote. Kaa zile sita: ya tatu, ya 12 na ya 20 za msimu wa kwanza, ya 19 ya msimu wa pili, na, akishatimiza miaka kumi, ya nane na ya 16 za msimu wa tatu. Ni dakika 23 kila moja, na hazifuatani. Nyingine akae dada mkubwa, umwagize jambo moja tu: mdogo akinyamaza ghafla au akiuliza swali, asimamishe amjibu, na usiku akwambie aliuliza nini. Usipokuwa na dada mkubwa, tafuta jirani mwenye mtoto wa rika lake, mpeane zamu.

Nimeziandika kwenye karatasi zilizo mezani pale, kwa namba na majina yake ili mzipate kirahisi. Jumamosi ijayo, wakati huuhuu, tutaitazama ya 12 hapa ukutani, watu wazima peke yetu, kisha kila mmoja aseme mtoto wake anaiweza au haiwezi. Msije na watoto. Mwenye swali sasa, tafadhali.